Mapenzi ya Shangazi Jiriwa

Jina la Jiriwa Shangazi alipewa na Baba, ambaye ni kaka yake. Jiriwa ni kile chuma cha seremala kinachofungwa ukingoni mwa benchi. Ukiingiza ubao katikati ya meno yake na kuzungusha mpini, ubao hautikisiki tena mpaka wewe mwenyewe uamue kuuachia. Baba ni seremala, kwa hiyo alipotafuta mfano wa namna mdogo wake anavyokumbatia watu hakuhitaji kwenda mbali. Shangazi akikukumbatia unasikia mbavu zako zikisalimiana. Kisha anakubusu shavu hili, anakubusu na lile, halafu anarudia la kwanza kwa sababu anahisi hakulitendea haki.

Mimi nimekulia ndani ya jiriwa hiyo. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu, Shangazi akahamia kwetu na begi moja na pasi yake, na hakuondoka tena. Hakuolewa. Kwa miaka thelathini na mmoja alipiga pasi kwenye duka la dobi, mashati ya watu wakubwa kwa wadogo, mpaka miguu ilipoanza kuvimba na daktari akamwambia basi, inatosha, kaa chini.

Akakaa chini, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Dukani alikuwa na wenzake kumi na wawili wa kukumbatia kila asubuhi. Nyumbani alibaki na Baba peke yake, na Baba ni mtu wa kusema maneno ishirini kwa siku, kumi kati ya hayo akiyaambia mbao. Alishajua mbinu za kumkwepa. Akisikia ndara za Shangazi zinakuja, anabeba ubao mrefu begani na kugeuka nao polepole kama lango linalofungwa. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nauza kwenye duka la dawa, nafika kwao Jumamosi tu. Mume wangu kila Ijumaa jioni alianza kulalamika mgongo.

Basi mshonaji mmoja aliyekuwa jirani na duka la dobi akahama mji, akamwachia Shangazi paka wake kama zawadi ya kuagana. Alikuwa paka dume wa kijivu, mwenye mstari mweupe uliozunguka shingo, umenyooka vizuri kama ukosi wa shati lililotoka kupigwa pasi. Shangazi akamwita Kola.

"Sasa nimepata wangu," aliniambia kwa simu.

Siku ya kwanza alimtoa kapuni, akamwinua mpaka usawa wa uso, akamkazia macho, akacheka kwa meno yote, akambana kifuani na kumbusu katikati ya masikio. Kola akawa mkavu kama ubao. Masikio yakalala nyuma. Mkia ukaanza kupiga huku na huku.

"Mwone anavyofurahi!" Shangazi alisema.

Sekunde iliyofuata alikuwa na mikwaruzo mitatu kidevuni, na Kola alikuwa juu ya kabati la nguo, ambako alikaa siku mbili.

"Ana haya," Shangazi alitueleza huku akijipaka dawa. "Mgeni siku zote huwa na haya."

Haya hiyo haikuisha. Shangazi alipanda kiti kumfuata juu ya kabati, Kola akahamia chini ya kitanda. Akamwogesha kwa sabuni ya maua, Kola akatoka beseni akiwa nusu ya ukubwa wake na chuki mara mbili. Akamtandikia blanketi dogo alilolipiga pasi mwenyewe, akakunja pembe nne sawasawa, Kola akalala pembeni yake kwenye saruji. Alipompelekea samaki alisimama naye mlangoni akisema, "Kwanza nibusu, ndipo ule," na Kola akashinda na njaa mpaka Shangazi akalia na kuweka sahani chini.

Jumamosi moja nilipoingia chumbani kwake niliona miguu miwili imetokeza chini ya kitanda, visigino juu.

"Shangazi! Umeanguka?"

"Shhh!" miguu ikasema. "Ninazungumza naye."

"Anasemaje?"

Nikasikia sauti kama ya kikaango cha mafuta ya moto kilichomwagiwa maji.

"Anasema nitoke," alisema Shangazi. "Nivute."

Nilimshika vifundo vya miguu nikamvuta.

Siku chache baadaye Kola aligundua karakana. Karakana ya Baba iko mbele ya nyumba na inafungukia mtaani. Ukitoka jikoni unavuka ua mdogo na umefika. Mtu angedhani paka atakimbia kelele za msumeno na nyundo. Lakini Kola aliingia, akazunguka benchi, akanusa kopo la gundi, akapiga chafya, kisha akaona sanduku Baba analotupia maranda ya mbao. Akaingia humo, akajizungusha mara tatu, akalala.

Baba hakumsalimia wala hakumfukuza. Aliendelea kupiga randa. Maranda mapya yakimwangukia Kola mgongoni, Kola anafungua jicho moja na kulifunga. Walikaa hivyo juma zima, kila mtu na kazi yake.

Shangazi aliligundua jambo hilo Jumamosi moja, saa nne ya asubuhi, alipompelekea kaka yake chai. Mimi nilikuwa nyuma yake na mkate. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake kibovu (maana seremala huwa na kiti kibovu kuliko vyote nyumbani), anapima bawaba machoni. Mapajani mwake alikuwepo Kola, amejimwaga kama unga uliopasuka mfuko, ananguruma kwa raha zake.

Kikombe kiligonga sahani.

"Kaka! Umempa nini?"

Baba aliinua kichwa. "Nani?"

"Paka!"

"Paka gani?"

Kisha akatazama chini, nami naapa alimwona wakati ule ule. "Aa," alisema. "Huyu."

"Unamwita nani?"

"Simwiti."

"Unamwambia nini?"

"Simwambii kitu. Akitaka kupita nampisha. Nikitaka kupita, ananipisha."

Shangazi aliweka chai juu ya benchi, akamshika kaka yake mkono wa kulia, akaunusa. Akaunusa wa kushoto. Alitafuta harufu ya samaki na hakukuta ila gundi na vumbi la mbao, na hilo lilimuuma zaidi. Mtu anayeiba mapenzi kwa samaki unaweza kumsamehe. Mtu anayepewa bure, akiwa hata hajui, huyo utamfanyaje?

"Umeninyang'anya," alisema, akatoka.

Hawakusemeshana. Mambo yakawa kupitia kwangu. Jumamosi ile mchana tulikuwa mezani watatu, wao wawili wakiangaliana uso kwa uso, na Shangazi akaniambia, "Mwambie baba yako chumvi iko mbele yake."

"Baba, chumvi iko mbele yako."

"Mwambie nimeiona," alisema Baba.

Mwishowe Shangazi aliamua kwamba tatizo ni ugonjwa. Paka mzima hawezi kukataa mapenzi ya namna ile, kwa hiyo paka ni mgonjwa, tena mgonjwa wa moyo. Jumatatu niliomba ruhusa kazini, tukambeba Kola kapuni mpaka kwa daktari wa wanyama. Alikuwa binti mwenye nywele fupi na macho ya mtu aliyeamshwa mapema na ng'ombe wa watu.

"Shikamoo mama. Anaumwa nini huyu?"

"Marahaba mwanangu. Anaumwa moyo."

Daktari alimweka Kola mezani, akasikiliza kifua kwa kipimo, akamwangalia meno na masikio. Kola alitulia kama mteja wa kinyozi.

"Moyo unadunda vizuri kabisa."

"Sikusema kudunda," alisema Shangazi. "Nasema kupenda. Angalia vizuri. Hanipendi, anampenda kaka yangu."

Nilitazama sakafu nikingoja kicheko. Daktari hakucheka. Alivuta kiti. "Hebu nionyeshe unavyomsalimia asubuhi."

Shangazi hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alimchota Kola mezani, akamkazia macho, akafungua kinywa, akaanza, "Kipenzi cha moyo wangu, mboni ya..."

"Basi, basi mama! Mwachie. Mweke chini taratibu." Kola alijificha nyuma ya mizani. Daktari akaendelea, "Sasa fikiria. Unatoka zako chumbani, hujanawa uso. Linakuja jitu refu kama nyumba. Linakuchota miguu ikining'inia. Linakutolea macho, linakufunulia meno, linakubana pumzi. Ungefanyaje?"

Shangazi alifikiri. "Ningepiga kelele."

"Naye alipiga. Hukumsikia. Ule mkia anaoupigapiga, ulidhani ni nini?"

"Furaha," alisema Shangazi, kwa sauti ndogo. "Kama mbwa."

"Mbwa ni mbwa, mama. Paka akipiga mkia hivyo anasema niache, tena anasema kwa adabu. Kucha zinakuja baada ya adabu kuisha." Akamgeukia kwa upole. "Huyo kaka yako anayempenda, yeye humfanyia nini?"

"Hamfanyii chochote! Ndiyo maana inaniuma!"

"Basi ndiyo dawa yenyewe," alisema daktari, na kwa kuwa Shangazi alimtazama kama mgonjwa aliyeandikiwa maji matupu, alichukua karatasi akamwandikia. Usimfuate. Keti chini, usiwe mrefu. Usimkazie macho, na akikutazama, funga macho polepole na ufungue polepole, maana paka afungaye macho mbele yako anakwambia hakuogopi. Nyoosha kidole kimoja, umngoje anuse. Akikusugua shavu, mkune shavuni, si tumboni. Akiondoka, mwache aondoke. Alipigia mstari la mwisho, mara mbili.

Shangazi alibandika karatasi ile juu ya jiko, na kwa majuma matatu niliona jambo ambalo sijawahi kuona. Mwanamke yule alijizuia. Aliketi kwenye mkeka katikati ya ua, mikono ameikalia, kwa sababu alisema mikono yake haina akili. Kola akipita, Shangazi anatazama ukuta. Jasho linamtoka. Akitazamwa na paka, anafumba macho taratibu kama anayesinzia kwenye mkutano, na kuyafumbua taratibu.

Tatizo ni kwamba Shangazi hajui kufanya jambo nusu. Ili azoee, alifanya mazoezi kwa kila mtu. Alimfumbia macho muuza mkate, na watoto wa jirani, na msoma mita za maji aliyekuja kama kawaida yake mwisho wa mwezi. Msoma mita alikuwa mjane mmoja wa makamo, mpole, mwenye daftari lililofungwa kwa mpira. Alipoinua kichwa kutoka kwenye mita, Shangazi alikuwa amesimama mbele yake akimfumbia macho yote mawili, polepole, bila kusema neno. Yule bwana alisahau hata alichosoma, akarudi siku ya pili kusoma tena. Shangazi akamfumbia tena. Akarudi siku ya tatu.

"Kaka yako aanze kutafuta suti," nilimwambia Shangazi kwa utani, naye akanifukuza kwa kitambaa cha vyombo.

Siku ya nne nilikuwa kaunta kwenye duka la dawa, akaingia msoma mita mwenyewe, kofia mkononi.

"Dada, nataka dawa ya macho. Ile nzuri."

"Ni ya kwako?"

"Hapana. Kuna mama mmoja kwenye nyumba ya seremala. Masikini, kope zinamlemea. Marehemu mke wangu alianza hivyo hivyo, tukapuuza. Sitaki kumwaibisha, nitamwachia tu juu ya mita."

Nilimuuzia, nikaingia stoo nikacheka mpaka nikakaa juu ya katoni.

Si macho tu. Tulipokwenda Jumamosi iliyofuata, mimi na mume wangu, tulimkuta Shangazi mlangoni amesimama mbali. Mume wangu alishaanza kukaza mbavu. Lakini Shangazi hakusogea. Alinyoosha mkono, kidole kimoja mbele, akakileta polepole mpaka karibu na pua ya mume wangu, akangoja. Mume wangu, asiyejua mtu hufanya nini na kidole kilichosogezwa puani pake, alikinusa.

"Karibuni," alisema Shangazi, ameridhika.

Tulirudi nyumbani bila kukumbatiwa. Njiani mume wangu akaniuliza, "Tumemkosea nini?" Nami niliona kuwa kifua changu kina baridi, kama mtu aliyesahau sweta.

Na paka? Paka alikuwa anasogea. Kwanza alipita umbali wa mita tatu, kisha mbili. Siku moja alinusa kidole. Shangazi aliniambia kuwa pua ilikuwa na ubaridi kama kitufe cha shati. Siku ya pili alinusa tena, akaegemeza shavu kidogo, na hapo Shangazi akashindwa. Mikono isiyo na akili ilimrukia, ikambana, na kabla hajamaliza kusema "kipenzi" Kola alikuwa karakanani na Shangazi ana mikwaruzo mipya juu ya ile ya zamani. Kazi ya majuma matatu iliishia hapo.

Alinipigia simu akilia. "Mimi ni mtu mbaya," alisema. "Sijui kupenda."

"Unajua sana, Shangazi. Ndiyo shida."

Siku tano baada ya hapo Baba alikamilisha kabati la mwalimu mmoja aliyeoa karibuni. Lilikuwa kabati kubwa la milango miwili, na droo mbili pana chini. Asubuhi wapagazi wanne walilibeba, wakalifunga kamba juu ya lori, wakaondoka nalo. Mchana Shangazi aliweka sahani ya samaki uani. Saa moja ikapita, sahani haikuguswa. Akaita. Akatazama chini ya vitanda, juu ya makabati, ndani ya pipa. Kisha akavuka ua, akasimama mlangoni mwa karakana, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chai akamsemesha kaka yake.

"Kaka. Paka yuko wapi?"

Baba alizima mashine. "Hayuko kwako?"

Wote wawili waligeuka, wakatazama pahali palipokuwa na kabati. Palibaki mstatili msafi katikati ya vumbi.

"Jana," alisema Baba polepole, "alilala kwenye droo ya chini. Niliiacha wazi ili rangi ikauke. Leo mpagazi mmoja aliisukuma kwa goti."

Nilipigiwa simu, nikamwachia mwenzangu kaunta, nikawakuta wameshakaa kwenye teksi, injini inawaka. Baba alikuwa bado na penseli sikioni. Shangazi ameshika karatasi ya daktari, kapu la Kola mapajani.

Kwa mwalimu tulisikia kelele tangu barabarani. Walikuwa wamefungua droo kuweka shuka, na kitu cha kijivu kikaruka kikapita juu ya kichwa cha mama mkwe wa mwalimu. Sasa mama mkwe alikuwa amesimama juu ya meza ya chakula, gauni amelikusanya kwa mikono miwili. Mkewe mwalimu alikuwa na mfuniko wa sufuria kama ngao. Mwalimu alikuwa magotini mbele ya jokofu, anachokoa nyuma yake kwa mpini wa ufagio.

"Fundi!" alipaza sauti alipomwona Baba. "Umeniuzia kabati lenye chui!"

"Si chui," alisema Baba. Akapiga magoti kando yake, akachungulia nyuma ya jokofu, na akaita, "Wewe!" Maana hilo ndilo jina alilompa. "Wewe, toka twende."

Kutoka nyuma ya jokofu ilisikika ile sauti ya kikaango. Baba aliingiza mkono kumshika, akautoa una damu. Aliutazama mkono wake kwa mshangao mkubwa, kama mtu aliyeng'atwa na nyundo yake mwenyewe. Majuma yote yale hakuwahi kumshika Kola, na siku aliyojaribu, mambo yalikuwa hayo.

"Sogea kaka," alisema Shangazi. Alikunja gauni, akaketi sakafuni, mgongo ukutani, hatua tatu kutoka jokofu. "Mwalimu, weka ufagio. Wote kaeni chini."

"Na mimi?" aliuliza mama mkwe kutoka mezani.

"Hata wewe mama. Shuka taratibu. Usimtazame. Tazama ukuta. Ukitazamana naye kwa bahati mbaya, fumba macho hivi."

Sauti ile ilikuwa ya mtu aliyewahi kusimamia pasi kumi na mbili za moto, na watu wote walitii. Tukakaa sita sakafuni, tumepangana kama watu wanaongoja mazishi, kila mmoja anatazama upande wake. Jokofu likaunguruma, likanyamaza. Tumbo la mtu likalia, na kila mtu akajifanya si lake.

"Nimebanwa na chafya," alinong'ona mwalimu.

"Imeze," alinong'ona mkewe.

Baba aliketi karibu na Shangazi, mkono ameufunga leso. Baada ya muda mrefu nilimsikia akisema kwa chini, "Mdogo wangu, sikukunyang'anya."

"Najua."

"Nilikuwa nafanya kazi tu."

"Najua, kaka. Nyamaza sasa."

Zilipita yapata dakika hamsini. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi mpaka kiunoni. Kisha pua ikatokea kwenye kona ya jokofu, na masharubu yenye utando wa buibui. Kikafuata kichwa, ukafuata ule ukosi mweupe, sasa mchafu kama wa shati la fundi gari. Kola alisimama. Akanusa unyayo wa mama mkwe, na mama mkwe akafumba macho kwa nguvu, si kwa mapenzi. Akanusa goti la Baba, akasita kwenye leso yenye damu, akapita. Kisha mkia wake ukapanda juu, umesimama wima, ncha imejikunja kama mpini wa mwavuli.

Shangazi alikuwa amenyoosha kidole. Hakumtazama. Kola alikinusa, akasugua shavu moja, akageuka akasugua la pili, halafu akarudia la kwanza. Akagonga kichwa chake kwenye kiganja, kama anayebisha hodi.

Hapo ndipo niliposikia maumivu. Mkono wa kushoto wa Shangazi, ambao paka hakuuona, ulikuwa umenishika kifundo cha mkono. Kila Kola alivyozidi kujisugua, ndivyo ulivyozidi kukaza. Mapenzi yote aliyomnyima paka yalipitia kwenye mfupa wangu. Niliuma midomo, nikatazama ukuta. Alama za vidole vile zilikaa siku mbili.

Kola alipanda mapajani mwake. Akaanza kumkanda gauni kwa miguu ya mbele, mmoja baada ya mwingine, kama anayekanda unga, na akanguruma. Shangazi alimkuna shavuni kwa kidole kile kimoja. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni na hakuyafuta, kwa kuwa kujifuta kungekuwa kusogea.

"Tayari?" alinong'ona mwalimu. "Mnaweza kumchukua?"

"Amelala," alisema Shangazi.

Basi tukaendelea kukaa. Mama mkwe mwenyewe alinyanyuka kwa vidole vya miguu, akaleta chai, akamimina kwa adabu kubwa bila kugonga kijiko. Ikawa karibu jioni Kola alipoamka, akajinyoosha, akaingia kapuni kwa hiari yake. Mwalimu alitupeleka mpaka barabarani, na akamwomba Shangazi amwandikie yale maelekezo ya karatasi. Sikujua kama alitaka paka, au ni kwa ajili ya mama mkwe.

Msifikiri kwamba Kola alikuwa wa kubebwa baada ya hapo. Asubuhi bado huenda karakanani kulala kwenye maranda, na Baba humpisha. Alasiri huja uani, akakaa kwenye mkeka kando ya Shangazi, si mapajani, kando, umbali wa kiganja. Siku akipenda hupanda. Siku asipopenda Shangazi humfumbia macho tu, naye hufumba, na wanakaa hivyo. Dawa ya macho iliyoachwa juu ya mita Shangazi aliipokea, akaenda kumshukuru msoma mita na kumweleza ukweli wote, na yule bwana alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia. Siku hizi akija kusoma mita hukaa kidogo, akapewa chai. Sisemi zaidi, maana sijui zaidi. Na sisi wengine tumerudishiwa kukumbatiwa kwetu. Mume wangu hulalamika mgongo Ijumaa kama zamani, lakini ndiye anayeniharakisha Jumamosi.

Mwezi uliopita, duka halijafunguliwa vizuri, simu ililia.

"Njoo," alisema Shangazi. Alikuwa anahema. "Njoo uone nilicholetewa."

Nilidhani ni msoma mita. Nilifika mbio, nikamkuta chumbani amesimama kando ya kitanda, mikono ameifumbata. Juu ya mto, mto mweupe aliotoka kuupiga pasi, alikuwa amelazwa panya mfu, mnene, mkia umenyooka sawasawa. Kola alikuwa dirishani anajilamba mguu, anajifanya hahusiki.

"Nilimpigia daktari," alisema Shangazi. "Anasema hii ni zawadi. Anasema paka huwapelekea watu wake tu."

"Shangazi, yuko juu ya mto."

"Mto utafuliwa." Akamgeukia Kola, akamfumbia macho, polepole. "Ahsante, baba."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, msasa mkononi. Alimtazama yule panya kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu kisicho ubao.

"Mimi," alisema hatimaye, "hajaniletea hata mjusi."